Gapi, endla au gambusia? Kutatua utata wa samaki wadogo wanaozaa

Swali ninaloulizwa kuliko yote huja na picha ya samaki mdogo wa kijivu, imepigwa kupitia kioo chenye ukungu: "Huyu ni nani?" Karibu kila mara ni jike. Madume hawaulizwi sana, rangi zao zinawatangaza. Na kosa ninalolikuta karibu kila tangi ni hilo hilo: watu wanasoma rangi kwanza, na kwa samaki hawa rangi ndiyo inayopoteza.

Hapa nazungumzia ukoo wa Poeciliidae. Hawatagi. Jike hubeba mayai tumboni na kuzaa vifaranga wanaoogelea papo hapo. Asili yao ni mabara ya Amerika, kwa hiyo wote tulio nao Afrika Mashariki waliletwa na watu. Wauza samaki wa mapambo wana gapi, endla, moli, plati na swodteli. Gambusia hauzwi mara nyingi, ila watoto humchota mtaroni wakampeleka nyumbani wakidhani ni gapi.

Kabla ya dalili yoyote: mtazame vizuri

Usimhukumu samaki akiwa ndani ya tangi. Chukua kopo la plastiki linaloona, lenye kuta bapa (chupa ya duara hupindisha umbo), tia maji ya tangi lake mwenyewe, muingize samaki, weka karatasi nyeupe nyuma yake kisha washa tochi ya simu nyuma ya karatasi. Subiri atulie. Mpige picha ya ubavuni akiwa amefungua mapezi, halafu ikuze kwenye simu. Dakika mbili tatu zinatosha, kisha mrudishe.

Sasa soma kwa mpangilio huu. Kwanza pezi la chini, lile lililo nyuma ya tundu la haja. Kwa dume wa ukoo huu pezi hilo si pana tena: mbavu zake za 3, 4 na 5 zimerefuka na kufungamana kuwa kijiti, na kijiti hicho ndicho anachompandia jike. Kwa jike pezi hilo linabaki la pembetatu. Pili, angalia kama pezi la mkia lina vidoa au ni safi kama kioo. Tatu, hesabu mbavu za pezi la mgongoni, yaani ile mistari inayolishika pezi kama mbavu za mwavuli. Mbavu mbili za mwisho zikitokea shina moja, zihesabu kuwa moja. Rangi iwe ya mwisho.

Dalili ya 1: Nina majike wa kijivu na wote wanafanana

Sababu ya kwanza, na ndiyo inayotokea zaidi: wote ni gapi, wamepishana umri tu. Jike wa miezi mitatu na mama yake wa mwaka mmoja wanaweza kuonekana kama aina mbili. Kwenye picha uliyoikuza, tazama ubavu. Kila gamba la gapi limezungushiwa ukingo mweusi mwembamba, na magamba yakikaa pamoja yanafanya wavu. Ndiyo maana Wilhelm Peters, mtaalamu wa wanyama wa Ujerumani, alipomwandika mwaka 1859 kutoka Caracas alimwita Poecilia reticulata, yaani mwenye wavu. Jina "gapi" lenyewe lilitokana na Robert John Lechmere Guppy, aliyepeleka samaki hawa London kutoka Trinidad. Albert Günther, wa makumbusho ya huko London, akawaita kwa jina la Guppy mwaka 1866, na ingawa jina hilo la kisayansi lilikuja kufutwa, la mtaani likabaki. Mapezi ya jike wa gapi wa kawaida ni safi, hayana vidoa. Kwa wale waliofugwa kwa ajili ya mkia mzuri, jike naye anaweza kuwa na rangi kidogo mkiani.

Sababu ya pili: kuna endla kati yao. Hapa nitasema wazi, kwa sababu wengi huuziwa matumaini. Jike mdogo wa gapi na jike wa endla huwezi kuwatenganisha kwa macho. Kipimo kinasaidia upande mmoja tu: endla jike aliyekomaa ni nadra kupita sentimita 4.5, gapi anaweza kufika 6. Kwa hiyo jike wa sentimita 5.5 ni gapi au ana damu ya gapi. Jike wa sentimita 3 hajakuambia kitu. Mtenge peke yake, mwache azae, kisha subiri wanawe wa kiume watoe rangi. Watoto ndio watakaomtaja mama yao.

Sababu ya tatu: gambusia. Huyu ukimjua mara moja hutamkosea tena. Mara ya kwanza nilipomweka mmoja kwenye kopo nilimtazama kwa dakika kumi nzima. Kichwa chake kilikuwa bapa kwa juu kama kimekandwa kwa kidole gumba, taya la chini limetokeza, mdomo umeelekea juu tayari kuokota kitu usoni mwa maji. Chini ya jicho palikuwa na alama nyeusi iliyoshuka mshazari, kama machozi yenye wanja. Halafu mwanga wa tochi ulipopenya mkiani nikaviona: safu za vidoa vyeusi, vidogo kuliko ncha ya kalamu, vimekatiza pezi kutoka juu hadi chini, na vingine kwenye pezi la mgongoni. Gapi jike hana safu hizo. Ongeza na pezi la mgongoni lililorudi nyuma, likianzia nyuma ya pale pezi la chini linapoanzia.

Ukitaka kujua ni gambusia yupi, wako wawili wanaofanana mno. Gambusia affinis kwa kawaida ana mbavu 6 za mgongoni, Gambusia holbrooki ana 7. Idadi hiyo huyumba, na alama ya uhakika ni meno madogo kama ya msumeno kwenye ubavu wa 3 wa kijiti cha dume, ambayo holbrooki anayo na affinis hana. Simama hapo. Kazi hiyo inataka darubini na samaki aliyehifadhiwa, si simu. Kwa mfugaji jibu ni lile lile kwa wote wawili: mtoe kwenye tangi la wenzake, kwa sababu huuma na kuchana mapezi.

Sababu ya nne: samaki wako hana uhusiano na hawa, ni mwenyeji wa mito yetu na anataga. Nenda dalili ya 7.

Dalili ya 2: Nilinunua endla, vifaranga wanatoka na mikia mipana

Hii imenikuta mwenyewe. Nilinunua madume wanne na majike sita, madume wazuri kweli: sentimita mbili na kidogo, kijani cha kung'aa kama bati jipya, chungwa, na alama nyeusi ya mkato ubavuni. Vifaranga wa kwanza walipofika wiki ya nane nikaona mikia inapanuka kama kanga inayoanikwa. Muuzaji hakunidanganya. Yeye mwenyewe hakujua.

Anza na sababu inayotokea zaidi: majike walikwishapandwa kabla hujawanunua. Jike wa gapi na endla hutunza mbegu za dume mwilini, na anaweza kuendelea kuzaa kutokana nazo kwa muda wa hata miezi 8 bila kuona dume tena. Duka likiweka madume wa endla tangi hili na majike wowote tangi lile, umenunua gapi tumboni. Uliza swali moja tu: hawa majike walikuwa tangi moja na nani? Kama hakuna anayejua, chukulia kwamba wamechanganyika.

Sababu ya pili: madume wenyewe ni chotara. Gapi na endla huzaliana bila kizuizi na watoto wao nao huzaa, hivyo damu inaweza kuchanganyika vizazi vingi bila mtu kujua. Dalili kwa dume ni pezi refu la mgongoni linalolala juu ya mkia, mkia mpana uliojaa rangi, na mwili unaopita sentimita 3. Dume wa endla ana pezi fupi la mgongoni, na mkia mfupi ambao katikati mara nyingi unaona, rangi imekaa kingo za juu na chini. Lakini kukosa dalili hizi hakumfanyi kuwa safi.

Sababu ya tatu: kuna dume wa gapi tangini uliyemsahau. Usicheke, hutokea: kifaranga mmoja aliyeingia na majani ya maji anatosha.

Ya mwisho na adimu: ni endla kweli, na wametofautiana tu. Madume wa endla hata wa porini hawalingani rangi.

Kurekebisha ni hivi. Wagawe vifaranga mapema, kabla ya wiki ya 4. Majike huonyesha doa jeusi la tumbo mapema. Asiye na doa mweke upande wa madume hata kama huna hakika, maana kosa la kumweka jike kwa madume linakupotezea jike mmoja, na kosa la kumweka dume kwa majike linakupotezea kizazi kizima. Wapandishe majike hao bikira kwa dume ambaye asili yake unaijua. Ila ujue mpaka wa kazi hii: kurudisha umbo la endla inawezekana, kurudisha usafi wa damu haiwezekani.

Kwa nini nalishikilia hili? Endla alikusanywa na Franklyn Bond mwaka 1937 kwenye Laguna de los Patos, karibu na Cumaná, Venezuela, akasahaulika. Mwanabiolojia John Endler, ambaye jina "endla" limetokana naye, akamkuta tena huko mwaka 1975. Jina la kisayansi, Poecilia wingei, alilipata mwaka 2005 tu, kwa heshima ya Øjvind Winge, Mdenmaki aliyechunguza urithi wa rangi za gapi. Makao yake ni sehemu ndogo ya nchi moja. Ndiyo maana wafugaji makini huwaweka katika madaraja matatu: N ni wale ambao ukoo wao unafuatika kwa maandishi hadi porini, P ni wanaofanana na endla lakini hawana ushahidi, K ni machotara. Wengi wanaouzwa ni P au K. Hakuna ubaya kuwafuga. Ubaya ni kuwauza kwa jina la N. Andika kwenye tangi kile unachokijua na usiandike zaidi.

Dalili ya 3: Jike wangu wa swodteli amegeuka dume

Mara nyingi hakuwa jike. Swodteli, Xiphophorus hellerii, wana madume wanaokomaa mapema wakiwa wadogo na wengine wanaochelewa mno, wakakua wanene kama majike kwa miezi mingi, kisha kijiti na upanga, yaani ile ncha ndefu ya chini ya mkia, vikatoka. Ukaguzi ni mmoja: je, aliwahi kuzaa mbele ya macho yako, akiwa peke yake? Kama hapana, ni dume aliyechelewa. Mara chache jike mzee huota dalili za kidume, lakini usimtegemee kama baba.

Swali lililo jirani ni kumtenga swodteli mchanga na plati, kwa kuwa upanga bado haujatoka. Plati, Xiphophorus maculatus, ni mfupi na mnene, mbavu za mgongoni 8 hadi 10. Swodteli amerefuka, mbavu 11 hadi 14. Ukipata katikati, au umbo la plati lenye kijipanga kifupi, una chotara, na wa dukani wengi wana damu ya pande zote mbili.

Dalili ya 4: Doa jeusi la plati au swodteli linakua na kuvimba

Anza na rahisi. Doa ambalo liko bapa, lina ukingo uleule wiki hadi wiki, ni rangi tu. Piga picha leo na baada ya siku 14, ulinganishe.

Likiwa limeinuka juu ya ngozi, linakula pezi au linavuja damu, fikiria uvimbe wa saratani. Hili halitokani na maji machafu. Baadhi ya plati wana madoa meusi yanayotawaliwa na vinasaba vyao vyenyewe. Ukiwachanganya na swodteli, kisha watoto ukawarudisha kwa swodteli, udhibiti ule unapotea na doa linakuwa melanoma. Wanasayansi waligundua hivyo katika miaka ya 1920, na hadi leo samaki hawa hutumika kuchunguza saratani ya ngozi. Kwa mfugaji ni onyo: plati mwenye madoa meusi asikae na swodteli.

Simama hapa. Usikate uvimbe kwa wembe, usipake dawa ya binadamu, na usimzalishe samaki huyo wala ndugu zake. Mpigie daktari wa mifugo anayeshughulika na samaki. Kama yuko mbali na samaki hali tena, mafuta ya karafuu humaliza mateso yake kwa upole: tikisa mafuta katika maji kidogo ya vuguvugu hadi yawe kama maziwa, kisha mimina polepole kwenye kopo lenye samaki, jumla matone 10 kwa kila lita. Atalala kwanza. Matamvua yakisimama, mwache humo nusu saa zaidi kabla ya kumzika.

Dalili ya 5: Moli wangu hakunjui tanga

Kwanza jiulize kama ni wa tanga, yaani mwenye pezi la mgongoni kubwa kama tanga la mashua. Poecilia sphenops ana pezi fupi la mgongoni, mbavu 8 hadi 11, na hatalikuza hata umlishe nini. Wenye tanga wanaojulikana zaidi ni wawili. Latipinna ana mbavu 12 hadi 16, na vidoa vyeusi vilivyojipanga kama vistari. Velifera, wa rasi ya Yucatán huko Meksiko, ana 18 au 19 na vidoa vyeupe vyenye duara. Moli mweusi wa dukani ni zao la kufugwa, usimsome kwa rangi, mhesabu mbavu. Kama hesabu inasema tanga na tanga halipo, basi ni jike, ni mchanga, au amekulia tangi dogo.

Dalili ya 6: Anazaa wawili wawili kwa siku nyingi

Gapi humaliza uzazi wake kwa saa chache, kila baada ya wiki 4 hivi. Ukiona kifaranga mmoja au wawili leo, wawili kesho, mtondo tena, kwa jike asiyefika sentimita 4 mwenye mstari mweusi ubavuni na doa jeusi chini ya pezi la mgongoni, huyo ni Heterandria formosa wa kusini mashariki mwa Marekani. Hubeba mimba za umri tofauti kwa wakati mmoja. Ni adimu kwetu. Kama mstari haupo, ni gapi aliyesumbuliwa wakati wa kuzaa, mpe utulivu na majani.

Dalili ya 7: Nimewachota mtaroni au bwawani, sijui ni nini

Mara nyingi ni gapi. Samaki huyu alisambazwa duniani ili ale viluwiluwi vya mbu, na anastahimili maji machafu kuliko wengi. Madume wana vijiti na vidoa vya rangi hata wakiwa wa mtaroni, lakini ni wadogo na mikia yao ni mifupi, ndiyo maana watu huwaita endla. Si endla.

Wa pili ni gambusia, aliyesambazwa kwa sababu hiyo hiyo. Madume ni wa kijivu kama majike, wembamba, wenye kijiti kirefu.

Wa tatu ni vifaranga vya perege. Pezi la mgongoni ni refu, limeanza karibu na kichwa na lina miiba inayochoma kidole. Ukoo wa gapi hauna miiba.

Wa nne, na hawa ndio ninaowahofia, ni wenyeji wetu wanaotaga. Kuna samaki wadogo wenye macho yanayowaka buluu kwa juu, kama mtu ameyawekea taa. Madume wao hawana kijiti, pezi la chini ni pana kwa wote. Na kuna wa madimbwi ya msimu, Nothobranchius, ambao dume ni kama pambo na jike ni wa kahawia tu, mapezi ya mgongoni na ya chini yamekaa mkabala, yote mapana. Mayai yao hukaa kwenye tope kavu kiangazi chote yakisubiri mvua. Nothobranchius guentheri ni wa Unguja, na porini hapatikani kwingine. Jike wake mikononi mwa asiyejua ni "gapi asiye na rangi".

Simama hapa. Kama dimbwi ni la kukauka mvua zikiisha na samaki wako hana kijiti, usiendelee kuchota na usimchanganye na samaki wa duka. Piga picha ya ubavuni, andika mahali na tarehe, na uwapelekee wataalamu: ofisi ya uvuvi ya wilaya, taasisi ya utafiti wa uvuvi, yaani TAFIRI kwa Tanzania, KMFRI au idara ya samaki ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi, kwa Kenya. Kama ulimchota leo na hajakutana na samaki wengine wala maji ya tangi, mrudishe leo, dimbwi lile lile, kwa maji yale yale uliyomchotea.

Lakini gapi, endla, plati au gambusia aliyezidi nyumbani asirudi mtaroni wala mtoni hata kama alitoka huko. Jike mmoja mwenye mbegu tumboni anatosha kuanzisha ukoo mzima kwenye dimbwi la guentheri. Mgawie mfugaji mwenzako, au mpeleke kwa muuzaji, naye umwambie ukweli kuhusu damu yake.